Kuyaepusha maji ya paa na msingi wa nyumba kongwe ya mawe

Nyumba za zamani za mwambao zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ambazo bado zimesimama Bagamoyo, Pangani, Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, mara nyingi huanza kuoza miguuni. Mwenye nyumba huona lipu imevimba na rangi inabanduka hadi kimo cha kiuno, akamwita fundi apige lipu ya saruji, na baada ya masika mawili unyevu huonekana tena, safari hii juu ya lipu ile mpya. Ukuta wa chokaa hunywa maji na kuyatoa taratibu kupitia uso wake; ukiuziba kwa saruji, maji hupanda kutafuta pa kutokea. Nyumbani kwetu tulilipia kosa hilo mara mbili kabla ya mtu yeyote kuinua macho akatazama mlizamu, yaani mfereji wa paa.

Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kwa hiyo paa la mita 10 kwa 6 likipigwa na mvua ya milimita 50, jambo la kawaida kabisa katika masika, humwaga lita 3,000, yaani tani tatu za maji, na kama paa lina migongo miwili, kila upande wa nyumba hupokea nusu yake.

Subiri mvua kubwa, utoke na mwamvuli, uzunguke nyumba polepole. Mahali maji yanapoangukia huwa na kishimo chenye kokoto zilizooshwa zikawa nyeupe, na penye kiungo kinachovuja utaona mchirizi wa kijani ukutani, nyuma ya bomba, ambao wakati wa jua hautambuliki kirahisi. Weka alama za chaki au mkaa, kwa maana mvua ikikatika utasahau.

Mfereji wa paa uwe na mteremko wa milimita 5 kwa kila mita, hivyo mfereji wa mita 6 utashuka sentimita 3 kutoka mwanzo hadi mwisho. Pima kwa uzi na mpira wa maji wa kupimia usawa, usikadirie kwa jicho, kwa sababu paa la nyumba kongwe lenyewe limekwisha kulala upande na litakudanganya. Kabla ya kufunga vibanio, choma fishabodi, ubao wa ukingo wa paa unaoshikilia mfereji, kwa bisibisi. Ikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, badilisha ubao kwanza. Bomba la kushushia maji liwe la inchi 4, hasa kama kuna mwarobaini karibu, na likae inchi mbili mbali na ukuta, ili likipasuka maji yaanguke chini badala ya kuingia ndani ya mawe.

Kazi kubwa iko ardhini. Bomba liishie kwenye chemba ndogo yenye wavu wa kuzuia majani na mfuniko unaofunguka kwa mkono, kisha bomba la chini litoke hapo likielekea mbali na nyumba kwa mteremko usiopungua sentimita moja kwa kila mita. Liyapeleke maji mita 3 kutoka ukutani kwa uchache. Mita 5 ni bora zaidi. Usikubali fundi achimbe mtaro sambamba na ukuta na kuugusa, kwani nyingi za nyumba hizi zina msingi mfupi sana, na mtaro wa namna hiyo unaweza kuuacha ukining'inia.

Mwisho wa bomba ndipo watu wengi wanapojidanganya. Shimo la kunyonya maji lenye mita 1.2 kila upande, likijazwa mawe, hubakiwa na nafasi ya takriban lita 600 tu, ilhali upande mmoja wa paa letu la mfano umeleta lita 1,500. Linafaa pale ardhi inapokunywa haraka. Chimba shimo dogo la kina cha dhiraa moja, ulijaze maji mara mbili, kisha utazame ujazo wa tatu: kama asubuhi maji bado yamo, ardhi ni ya mfinyanzi, na ni afadhali maji yapitie kwenye tangi kwanza, ziada yake ielekezwe bustanini. Usiyaingize kamwe katika shimo la choo, ambalo litafurika siku ya mvua, wala usichimbe karibu na kisima.

Penye vichochoro vyembamba, ukuta wa jirani huenda uko hatua mbili tu kutoka wako, na kumtupia maji yako ni kuhamisha ugonjwa. Zungumza naye mapema. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na Lamu, iliyofuata mwaka 2001, ulizia kibali kabla ya kubandua hata jiwe moja la njia.

Tazama pia udongo wa nje, ambao kwa miaka mingi ya kufagia na kufukia hupanda hadi kuzidi sakafu ya ndani. Ushushe, uupe mteremko wa sentimita 5 kwa mita katika mita mbili za mwanzo, na usimwage zege hadi kugusa ukuta. Ukanda wa kokoto unatosha.

Baada ya hapo bandua lipu ya saruji, upanguse chumvi kwa brashi kavu bila kuiosha, uuache ukuta uchi. Ukuta wa nusu mita hauna haraka. Wetu uliachwa kipupwe chote na kaskazi nzima ndipo tukapiga lipu ya chokaa, na wageni walikuwa wakituuliza kama fedha zilituishia.