Unataka kuzalisha mbwa wadogo nyumbani? Anza na mama

Kumpandisha mbwa ni kazi ya nusu saa tu jamani. Kabla ya hiyo nusu saa kuna miezi ya vipimo, na baada yake kuna wiki 12 hivi za kulala kwa vipande vipande, sasa wengi wanaanzia hapo katikati, jike limeingia joto, yaani siku zake za kutaka dume, mtu ana dume zuri, basi wanakutanishwa halafu mengine yatajulikana mbele. Kwa mbwa wakubwa unaweza kubahatika. Kwa hawa wadogo, Chihuahua, Yorkshire Terrier, Pomeranian, Maltese, Shih Tzu na wenzao, bahati ni finyu kama nyonga zao zilivyo finyu, kwa hiyo nawaomba msome mpaka mwisho kabla hamjamkubalia mwenye dume.

Kwanza jiulize mambo mawili. La kwanza, ikitokea saa nane usiku mama anahitaji upasuaji, una hela ya kulipa usiku huohuo na unaye daktari wa mifugo atakayepokea simu? Mbwa wadogo wanafanyiwa upasuaji wa kujifungua mara nyingi sana, wale wa uso bapa kama Pug ndo zaidi, vichwa vya watoto ni vikubwa na njia ni nyembamba. La pili, watoto wataenda wapi? Uwe na watu wa kweli wanaosubiri, na uwe tayari kumpokea mtoto yeyote atakayerudishwa hata baada ya miaka mitatu. Kama jibu la mojawapo ni hapana basi usipandishe, mpende mbwa wako hivyohivyo.

Haya, mama. Awe ameshakomaa mwili, mimi sipandishi joto la kwanza kabisa, nasubiri afike mwaka mmoja na nusu na kuendelea, na kama hajawahi kuzaa mpaka amefika miaka mitano hivi basi namwacha apumzike zake. Asiwe mdogo kuliko kawaida ya aina yake. Hili nalisema kwa uchungu manake kuna watu wanatafuta jike la kilo moja na nusu ili lizae "vidogo zaidi", huyo jike mnamtafutia kifo. Wale wadogo kupita kiasi waishi kama kipenzi tu na wafungwe kizazi. Na dume asimzidi jike kwa umbo, dume mdogo kidogo kuliko mama ndo salama.

Halafu magonjwa ya kurithi, hapa ndo penye kazi na watu wanaparuka. Mpeleke kwa daktari amshike magoti, kwa mbwa wadogo wengi kile kifupa cha mbele ya goti kinachomoka mahali pake, utamwona anatembea vizuri ghafla anaruka na mguu mmoja hatua tatu nne kisha anaendelea kama hakuna kitu. Watu wanacheka wanasema anaringa. Haringi, goti limetoka, na watoto watarithi. Yorkie na Maltese wapimwe ini, wapo wanaozaliwa na mshipa unaopitisha damu pembeni ya ini bila kusafishwa. Cavalier King Charles Spaniel wapimwe moyo, vali zao huharibika mapema, ndo maana wafugaji makini wa aina hiyo hawapandishi kabla ya miaka miwili na nusu. Wa uso bapa, msikilize anavyopumua akishakimbia kidogo: anayekoroma akiwa macho na kushindwa kupata pumzi usimzalishe hata awe mzuri namna gani. Na tabia pia ni urithi, mama akiwa mwoga na mng'ataji, watoto wake watarithi na kujifunza kwake.

Wote wawili, jike na dume, wapimwe brusela kabla ya kukutana. Huu ugonjwa unatoa mimba, unaharibu uzazi, kuutibu ni taabu na binadamu anaweza kuupata. Mwenye dume akikataa kupima, aga uondoke. Na rangi ya madoadoa ya marumaru, ile wanaita merle, usikutanishe wawili wenye nayo, kwa wastani mtoto 1 kati ya 4 anairithi kutoka kwa baba na mama wote wawili na wengi wa hao wanazaliwa viziwi au vipofu. Ndugu na ndugu nao hapana.

Sasa joto lenyewe. Jike huingia joto kama mara mbili kwa mwaka, siku za mwanzo kama 9 anatoka damu na anamfukuza dume, kisha damu inapauka, anasimama na kupinda mkia pembeni. Usihesabu siku kwa vidole ukadhani umepatia. Njia ya uhakika ni kipimo cha damu cha projesteroni, homoni ya uzazi, daktari anarudia kila baada ya siku mbili tatu mpaka aone yai limetoka, na kwa mbwa yai likitoka linahitaji siku 2 hivi kukomaa, hapo ndo unapandisha. Wakinasana usiwavute, wanaweza kukaa hivyo hata nusu saa, kaa nao uwatulize tu. Kipimo hiki kina faida nyingine ambayo wengi hawaijui: ukijua siku yai lilipotoka, unahesabu siku 63 na unakuwa karibu sana na siku ya kuzaa. Ukihesabu kuanzia siku ya kupanda unaweza kupotea, manake mbegu ya dume inaishi tumboni siku kadhaa, mimba moja itaonekana ya siku 58 na nyingine ya 70 kumbe zote ni sawa.

Kuanzia siku ya 28 hivi piga ultrasaundi ujue kama mimba ipo. Baada ya siku ya 55 piga eksirei, mifupa inaonekana, hesabu vichwa. Usiikwepe hii. Bila kujua idadi, usiku ule utakaa unajiuliza kama amemaliza au kuna aliyekwama. Na ukiona ni mtoto mmoja tu ongea na daktari mapema, wa peke yake anakuwa mkubwa na uchungu wenyewe unaweza usianze vizuri.

Chakula, wiki nne za kwanza kama kawaida, baadaye ongeza taratibu na uhamie chakula cha watoto wa mbwa, milo midogo midogo manake tumbo halina nafasi. USIMPE madini ya kalsiamu wakati wa mimba. Nitarudi hapo chini, nina sababu.

Wiki moja kabla ya siku yake anza kumpima joto asubuhi na jioni, kipimajoto cha njia ya haja kubwa, uandike kwenye daftari. Kawaida yake ni 38 na kitu. Likishuka chini ya 37.2 jiandae, mara nyingi ndani ya saa 24 uchungu unaanza. Atakataa kula, atahema, atatetemeka, atachimba matandiko, hii peke yake inaweza kuchukua saa 6 mpaka 12 na haina shida. Boksi lake liwe limekaa chumba kimya angalau wiki moja kabla ili alizoee, kuta ziwe fupi kiasi cha yeye kuruka, watoto wasiweze.

Piga simu kwa daktari bila kusubiri asubuhi ukiona: anasukuma kwa nguvu nusu saa na hakuna mtoto, au zaidi ya saa 2 zimepita na unajua bado wamo, au uchafu wa kijani cheusi unatoka kabla ya mtoto wa kwanza, au joto lilishuka na saa 24 zimeisha kimya. Na tafadhali sana, hizo sindano za kuongeza uchungu watu wanazopeana mkononi usimchome mwenyewe nyumbani. Mtoto akiwa amekwama njiani, kizazi kinaweza kupasuka.

Akitoka mtoto mwachie mama dakika moja apasue mfuko. Asipofanya, pasua wewe kuanzia usoni, futa mdomo na pua, msugue na taulo kavu huku kichwa kimeelekea chini mpaka alie. Wale wanaomzungusha mtoto hewani wanaweza kumuumiza ubongo, acheni. Kitovu funga kwa uzi sentimita 2 hivi kutoka tumboni, kata upande wa pili, chovya ayodini. Hesabu na makondo ya nyuma, idadi ilingane na watoto.

Kifaa muhimu kuliko vyote baada ya hapo ni mizani ya jikoni ya gramu. Mtoto wa aina hizi anazaliwa na gramu 100, 120, 150 hivi. Mpime akizaliwa, kisha asubuhi na jioni, wiki mbili. Siku ya kwanza akipungua kidogo sawa, baada ya hapo apande kila siku na kufika siku ya 10 hivi awe ameongezeka mara mbili. Jicho linadanganya, mizani haidanganyi. Kwenye uzao mmoja nilikuwa na mtoto wa tatu, gramu 104 jioni, asubuhi 97, ukimwangalia amelala tu kama wenzake. Nikamgusa mdomo ndani kwa kidole, baridi. Mkono wangu ulitaka kumkimbilia maziwa, na hilo ndo kosa linaloua wengi, mtoto akishapoa chini ya nyuzi 34 hivi tumbo linasimama, maziwa hayasagiki, yanachacha humo ndani. Joto kwanza. Nilimweka kifuani chini ya nguo, ngozi kwa ngozi, saa nzima na zaidi, pole pole, mpaka akaanza kutafuta chuchu mwenyewe, ndo nikamweka kwenye chuchu za nyuma zenye maziwa mengi. Jioni 101. Alipona.

Hawawezi kujipasha joto wiki za mwanzo, kwa hiyo boksi liwe nyuzi 29 mpaka 32 wiki ya kwanza, na upande mmoja tu uwe wa moto ili anayeunguzwa aweze kujiburuta akaondoka. Wakirundikana wanalia, baridi. Wakitawanyika kila mmoja kona yake wanahema, joto limezidi. Wakilala wamegusana huku wanashtukashtuka usingizini, hapo umepatia. Wanyonye maziwa ya mwanzo ndani ya saa 24 za kwanza, ndo yana kinga. Ikibidi kuwalisha tumia maziwa maalumu ya watoto wa mbwa, ya ng'ombe ni mepesi mno, na mtoto alale kifudifudi wakati wa kunywa, ukimlaza chali kama mtoto wa binadamu maziwa yanaingia mapafuni.

Sasa ile kalsiamu. Jike langu Tausi, kilo 3, watoto 4, siku ya 18 baada ya kuzaa akaanza kuhangaika, akiingia kwenye boksi anatoka, akahema, nikasema amechoka kunyonyesha. Baada ya saa moja anatembea miguu imekakamaa kama anakanyaga sakafu ya moto, uso unatetemeka. Kalsiamu ya damu ilikuwa imeisha, yote imekwenda kwenye maziwa. Daktari alimwingizia kwenye mshipa taratibu sana huku anasikiliza moyo, angechelewa kidogo tungempoteza. Na aliniambia kitu ambacho nakibeba mpaka leo: matone ya kalsiamu niliyompa wakati wa mimba, kwa nia njema kabisa, yaliufundisha mwili kulala, ukaacha kutoa akiba yake kwenye mifupa, siku ilipohitajika ghafla haukuweza. Ukiona dalili hizo toa watoto hapohapo, mbebe mama uende. Usingoje kuona kama atatulia.

Wiki ya tatu na nne waanzishie chakula laini kilicholowekwa. Dawa ya minyoo wiki ya 2, 4, 6 na 8, mama naye, na ipimwe kwa uzito wa gramu siyo kwa kukisia. Chanjo zinaanza wiki ya 6 mpaka 8 na kurudiwa mpaka wiki ya 16, daktari atakupangia pamoja na ya kichaa cha mbwa. Wakati wa kuachishwa ziwa wasikae muda mrefu bila kula, sukari ya damu inashuka haraka. Akilegea na kuyumba mpake asali kwenye ufizi kisha kwa daktari.

Kuanzia wiki ya 3 wazoeshwe maisha, sauti za vyombo, watoto wa watu, kubebwa, kushikwa makucha, kupakatwa na mtu mwenye kofia. Dirisha hili linafunga karibu wiki ya 12 na halifunguki tena vizuri. Ndo maana simpi mtu mtoto kabla ya wiki 8, na hawa wadogo kabisa napenda wafike 10 au 12. Anayekuja kuchukua namwonyesha mama, namwonyesha vipimo, naye namuuliza nani atakuwa nyumbani mchana. Akiudhika na maswali, mtoto habebi. Wanaoondoka wanaenda na kadi ya chanjo, chakula walichozoea cha wiki moja, kitambaa chenye harufu ya mama, na karatasi tuliyosaini kwamba akishindwa kumlea anamrudisha kwangu.

Mama naye apumzike, joto linalofuata asipandishwe. Mizao mitatu kwa maisha yake inatosha, akishafanyiwa upasuaji mara mbili mfunge kabisa. Tausi alizaa mara moja tu ile, mwaka uliofuata nikamfunga kizazi, na siku hizi analala kitandani kwangu upande wa ukutani.