Jinsi ya Kuchagua Mabuti ya Kuvulia Samaki Juu ya Barafu

Mwongozo huu nimewaandikia hasa ndugu zetu wa Afrika Mashariki waliohamia Minnesota na majimbo jirani, ambao wameona vibanda vya wavuvi vimetapakaa juu ya ziwa lililoganda na wakatamani kujaribu. Nimevua kwenye barafu ya ziwa Mille Lacs kwa misimu minane, na katika muda huo nimewapeleka ziwani wageni wengi. Aliyerudi nyumbani mapema karibu kila mara alirudishwa na miguu yake, hata siku ambazo samaki walikuwa wakila vizuri. Kabla ya mabuti, hata hivyo, pima barafu: Idara ya Maliasili ya jimbo inashauri unene usiopungua inchi 4, yaani sentimita 10, za barafu mpya iliyo angavu kwa mtu anayetembea kwa miguu.

Hatua ya 1: Elewa jinsi baridi inavyokuingia

Anayetembea kwenye theluji hujipasha joto kwa mwendo wake, ilhali mvuvi wa barafu hukaa au husimama palepale kwa saa nne au tano akiutazama mshipi. Misuli ikitulia, mwili hupunguza damu inayopelekwa vidoleni ili kulinda joto la kiwiliwili, na wakati huohuo joto la unyayo hupenya soli na kunyonywa na barafu bila kukoma. Adui wa pili hutoka ndani. Kuburuta vifaa kutoka ufukoni na kutoboa matundu kwa keekee ya mkono hutoa jasho, na soksi iliyolowa jasho saa moja asubuhi ndiyo itakayokutesa saa tatu.

Haya niliyajua kwa kuumia. Katika msimu wangu wa kwanza muuzaji mmoja alinihakikishia kwamba viatu vya kupandia milima vingetosha, kwa kuwa lebo yake ilitaja baridi kali kuliko ile niliyoitarajia. Soli yake ilikuwa nyembamba. Kufikia saa ya tatu vidole viwili vya mguu wa kushoto vilikuwa vimekufa ganzi, na nilipovua soksi ndani ya kibanda cha rafiki yangu nilivikuta vimepauka. Maelekezo mengi huzungumzia ngozi kugeuka nyeupe, lakini kwenye ngozi nyeusi kama yangu dalili hiyo huonekana zaidi kama rangi ya kijivu au ya majivu, kwa hiyo usisubiri kuuona weupe. Ganzi peke yake inatosha kukutoa ziwani. Usivisugue vidole wala usivisogeze karibu na moto, maana huwezi kuhisi unapoungua. Vitie katika maji ya uvuguvugu, na hisia isiporudi nenda hospitali.

Hatua ya 2: Chagua aina

Aina ninayoipendekeza kwa anayeanza ni ile yenye sehemu ya chini ya mpira, sehemu ya juu ya ngozi au nailoni, na bitana nene ya sufu iliyoshindiliwa ambayo unaweza kuichomoa yote. Sorel, Kamik na Baffin wote wanatengeneza mabuti ya namna hii. Thamani yake iko kwenye ile bitana: ukirudi nyumbani unaitoa na kuikausha, na ukinunua jozi ya pili ya bitana unaweza kuvua siku mbili mfululizo ukiwa na miguu mikavu.

Mabuti ya neoprini, yaani mpira laini wenye vipovu vya hewa, ni mepesi, hayapitishi maji na huvaliwa haraka, lakini bitana yake imebandikwa ndani isiweze kutolewa na jasho hukauka polepole. Yanamfaa anayevua ndani ya kibanda chenye hita au anayekaa saa mbili tu.

Kuna pia mabuti makubwa meupe ya jeshi la Marekani, ambayo asili yake ni madhara ya baridi waliyoyapata askari katika Vita vya Korea. Sufu na hewa vimefungiwa katikati ya tabaka mbili za mpira, kiasi kwamba hata maji yakiingia buti utayamwaga, utakamua soksi na kuendelea. Yamekusudiwa kuhimili hadi nyuzi 65 chini ya sifuri za Farenhaiti, na baadhi yake yalitengenezwa Marekani na Bata, jina ambalo wengi wetu tulilivaa tukienda shule. Yana vali ndogo ya hewa ubavuni, ambayo hufunguliwa mtu anapopanda ndege ili shinikizo la hewa lisawazike na kufungwa tena anaposhuka. Ni mazito, na miguu hutoka jasho jingi ndani yake. Hata hivyo nayaheshimu sana.

Gambuti za kawaida za mvua usizivae kabisa, hata ukiwa na soksi tatu.

Hatua ya 3: Soma namba kwa tahadhari

Nyuzi zilizoandikwa kwenye lebo hupangwa na kila mtengenezaji kwa kipimo chake, na mara nyingi humfikiria mtu anayetembea. Kanuni yangu ni kuchagua buti ambalo namba yake iko chini ya baridi ninayoitarajia kwa angalau nyuzi 20 za Selsiasi. Hakikisha pia unasoma kipimo gani, kwa sababu sifuri ya Farenhaiti ni karibu nyuzi 18 chini ya sifuri za Selsiasi, ingawa vipimo hivyo viwili hukutana kwenye 40 chini ya sifuri. Ukiona gramu 400, 800 au 1200, hiyo ni uzito wa kitambaa cha kuhifadhi joto kwa kila mita moja ya mraba. Namba hizo zinakusaidia kulinganisha mabuti yenye kitambaa cha aina moja tu, na hazisemi lolote kuhusu soli.

Hatua ya 4: Kagua soli

Ingiza mkono ndani ya buti hadi chini, kisha uweke mkono mwingine nje na ukadirie unene uliopo kati yake. Natafuta sentimita mbili na nusu au zaidi chini ya kisigino, na soli ya ndani ya sufu inayoweza kutolewa. Kwa ajili ya utelezi, nunua meno ya chuma yanayovalishwa juu ya buti kwa mkanda wa mpira, ukihakikisha mkanda huo haulibani buti. Ukifika kwenye tundu lako, kanyaga kipande cha mkeka wa sponji ngumu. Kitu hiki cha bei ndogo kimewaokoa wageni wangu wengi kuliko soksi za bei ghali.

Hatua ya 5: Jaribu dukani

Nenda alasiri, miguu inapokuwa imevimba kidogo, ukiwa na soksi zilezile utakazovaa ziwani: moja nyembamba ya nyuzi za polista na moja nene ya sufu ya merino. Pamba hushika maji, kwa hiyo iache nyumbani. Chukua saizi moja zaidi ya ile unayovaa kawaida, na ikiwa mabuti hayana nusu saizi, panda juu badala ya kushuka. Vidole vichezeke kwa uhuru huku kisigino kikiwa kimetulia. Buti linalobana huzuia damu na hukandamiza sufu hadi hewa yenye joto ikose mahali pa kukaa, na ndiyo maana soksi nyingine nene juu ya hizo mbili mara nyingi huongeza baridi.

Pima na urefu. Chini ya theluji ya ziwani mara nyingi kuna rojorojo la maji usiloliona, kwa hiyo sehemu isiyopitisha maji ivuke kifundo cha mguu, na buti zima lifike sentimita 25 au 30. Mwisho, vaa glavu na ujaribu kufunga na kufungua kamba ukiwa nazo.

Hatua ya 6: Yazoee kabla ya safari

Simama nje ya nyumba yako saa nzima bila kutembea, siku ya baridi ya kweli, ukiwa bado na risiti. Siku ya kuvua, tembea hadi mahali pako ukiwa umelegeza kamba, kisha badilisha soksi mara tu unapomaliza kutoboa matundu. Usiku toa bitana na soli za ndani, uzitundike chumbani mbali na hita ili sufu isisinyae, na usiyaache mabuti kwenye gari, kwani mpira uliolala kwenye baridi ya usiku utanyonya joto la miguu yako kabla hujafika ziwani.