Suti kwa mwanaume mfupi: mwambie fundi hivi

Wateja wangu wafupi wakifika Kariakoo na kitambaa kwapani, ombi lao ni lile lile: "Fundi, niachie nafasi." Wanadhani upana utawaongezea mwili. Suti pana inakumeza, kaka. Mimi ningeanza na koti.

Hatua ya 1: Urefu wa koti. Suti nyingi huharibikia hapa. Simama wima bila viatu, fundi apime kuanzia mshono wa kola nyuma ya shingo hadi sakafuni, kisha agawe kwa 2. Mtu wa sentimita 160 atapata kama inchi 27. Koti lifunike makalio na liishie hapo hapo, maana kinachozidi kinaiba miguu. Ila usikate kwa pupa. Koti linaloacha makalio nje huonekana la kuazima kwa mdogo wako.

Ukipata la mtumba pale soko la Karume, tafuta lebo yenye herufi S baada ya namba, kama 38S: kifua inchi 38, kimo kifupi. Bila hiyo, kupunguza urefu kwa inchi 1 kunawezekana. Ukizidisha, mifuko inabaki imening'inia karibu na pindo, na hapo hata mimi sina dawa.

Hatua ya 2: Mabega. Mshono uishie mfupa wa bega unapoishia, pedi ziwe nyembamba. Kurekebisha bega ni kung'oa mikono yote miwili, na gharama yake utailalamikia.

Hatua ya 3: Vifungo 2 vinatosha, cha juu kikae juu kidogo ya kitovu. Kikishuka, kiwiliwili kinarefuka na miguu inafupika. Tundu la mkono likatwe juu, karibu na kwapa: ukishika bomba kwenye daladala, koti zima lisipande nawe. Mkono wa koti uache nusu inchi ya shati ionekane.

Hatua ya 4: Suruali ivaliwe kiunoni, si kwenye nyonga. Iguse kiatu bila kujikunja, na isiwe na pindo la nje. Siku ya kupima njoo na kiatu utakachovaa ukumbini. Nimeshakata suruali kwa kipimo cha ndala, bwana harusi akaja kulia na soli yake nene.

Hatua ya 5: Rangi moja juu na chini. Koti jeusi na suruali ya krimu vinakukata vipande viwili. Kwa joto la Dar chagua sufu nyepesi, na bitana, kile kitambaa cha ndani, iishie nusu mgongo.

Hatua ya 6: Kabla ya kushona moja kwa moja, dai koti lililopigwa bandi, yaani lililoshikizwa kwa mishono ya muda, ulijaribu. Funga kifungo cha juu, inua mikono, geuka, fundi akuangalie mgongoni. Kitambaa kikijivuta na kutengeneza X tumboni, kimebana: aachie kidogo ubavuni, chaki ikiwa bado mkononi.