Kupaka bedilaina ya pikapu nyumbani: kazi kubwa iko kwa kuosha

Watu kadhaa hapa Nakuru wameniuliza hii maneno tangu waone Hilux ya shemeji yangu, ile anabebea waru kutoka Molo, kwa hivyo wacha niandike yote mahali pamoja. Bedilaina naongelea hapa ni ile rangi nzito ya poliyurithani ya kukinga bodi, yaani ile sehemu ya nyuma ya kubebea mzigo. Unachanganya na hadena (kemikali ya kuigandisha), inakauka ngumu na chenga chenga kama ganda la fenesi. Mimi natumia Raptor ya U-POL, seti ya chupa 4, ju maelezo yake yako wazi na ukipungukiwa katikati ya kazi unaweza kununua chupa moja. Seti moja inatosha dabo-kebini koti 2, yaani kupaka mara mbili. Singo-kebini ile ndefu nunua chupa ya ziada kabla hujaanza, usiseme utaona huko mbele.

Kama gari yako ina ile plastiki ya kuingiza ndani ya bodi, itoe na usiirudishe tena. Mchanga na maji huingia chini yake, gari ikitikisika barabarani ule mchanga unasaga rangi pole pole, na maji yanakaa hapo hayaoni upepo. Ukiiinua utapata kutu mahali hukuwa unajua, na kama umekuwa ukibeba mbolea ama samaki wa barafu kutoka Dunga huko Kisumu hali itakuwa mbaya zaidi, ju chumvi inavuta unyevu na kula chuma hata siku za jua.

Hatua ya 1: Fungua kila kitu

Ndoano za kufungia kamba, kifuniko cha hendo ya mlango wa nyuma, raba, boliti zote zinazotoka. Weka kwa mkebe. Hakuna mengi hapa.

Hatua ya 2: Osha mafuta, na uoshe kabla ya kupiga msasa

Hapa nitakaa, ju hapa ndo kazi za watu wengi hufia. Bodi ya shemeji ilikuwa imepakwa mara ya kwanza na gereji fulani, na ikabanduka vipande vikubwa hata mwaka haujaisha. Nilipogeuza kile kipande nikaona chini yake rangi ya kiwanda bado inang'aa, safi kabisa, yaani hakuna mtu aliigusa na msasa, na pale pembeni karibu na mlango kulikuwa na utelezi wa dizeli. Rangi yenyewe haikuwa na shida. Ilikuwa imekaa juu ya mafuta tu, haijashika kitu.

Pikapu ya kazi ina mafuta ya kila aina. Dizeli ya jerikani, grisi, waksi ya kuoshea gari, maziwa yaliyomwagika (maziwa yana mafuta na yanajificha kwa mikunjo ya sakafu), na huko Kisumu mafuta ya samaki. Ukianza na msasa kabla ya kuosha unachukua hayo mafuta unayasukuma ndani ya mikwaruzo, na yakishaingia huko kuyatoa ni shida kweli kweli. Kwa hivyo anza na maji moto, sabuni ya vyombo na brashi ngumu, usugue kila mkunjo, kila kona, chini ya ile midomo ya juu ya kuta, halafu uoshe kwa maji mengi, kisha urudie yote tena. Mashimo ya maji yaliyo sakafuni yazibue na waya saa hiyo hiyo.

Ikikauka sasa unapangusa na thina, na hapa nina msimamo mkali: usipanguse na petroli, dizeli ama mafuta ya taa. Najua mafundi wengi hufanya hivyo, ni ya bei rahisi na iko karibu, lakini zote zinaacha utando ambao macho hayaoni. Hata thina yenyewe usiiamini kwa macho, kuna ile ya kupima kwa chupa za soda ambayo imechanganywa na vitu. Chukua tone moja uweke juu ya kioo kisafi, uache ipotee yenyewe. Ikiacha duara ama ukungu, hiyo ni ya kuoshea brashi, haifai kugusa bodi. Kupangusa kwenyewe tumia vitambaa viwili vya pamba vyeupe, kimoja kina thina na kingine kikavu kinafuata nyuma yake kabla thina haijakauka, manake ukiacha ikauke yenyewe umeyahamisha tu mafuta kutoka hapa kuyapeleka pale. Fanya sehemu ndogo, kama ukubwa wa trei, na kitambaa kikichafuka kitupe. Usipeleke kitambaa cha sakafuni ukutani.

Halafu kuna kipimo kimoja cha bure ambacho lazima ufanye. Mwagia bodi maji safi uangalie yanavyokimbia. Yakitandaa yote sawa sawa kama utando mmoja, chuma ni kisafi. Yakijikusanya matone matone ama yakikimbia mahali fulani, hapo bado kuna mafuta hata kama kidole hakisikii kitu. Kwa ile Hilux sakafu ilikubali mapema, lakini kona moja ya nyuma ambapo jerikani hukaa ilikataa, tukaosha, ikakataa, tukapangusa, ikakataa, mpaka tukagundua dizeli inatoka ndani ya mshono wa mabati kila jua likiupasha joto. Mchana wote uliishia kwa hiyo kona. Dawa ilikuwa kuingiza sabuni ndani ya mshono na brashi ya meno, kuusukuma na maji ya presha, kuacha gari juani mshono utoe kilichobaki, kisha kupangusa tena na thina, na kurudia hivyo mpaka maji yakatandaa. Baadaye tukaziba mshono na sila ya poliyurithani ya magari. Usitumie silikoni popote karibu na hii kazi, rangi haishiki juu yake, na ikigusa tu kitambaa utaisambaza bodi nzima.

Kipimo kikikubali uache ikauke vizuri, mishono pia.

Hatua ya 3: Kutu

Kwaruza yote mpaka chuma king'ae, kwa grainda na brashi ya waya. Kutu iliyofunikwa inaendelea chini kwa chini na itainua rangi. Kama mabati yametoboka, peleka yakachomelewe kwanza, hii rangi haizibi shimo. Vile vijishimo vidogo ambavyo brashi haifiki paka dawa ya kugeuza kutu ile ya asidi ya fosforiki, fuata chupa yake, uoshe mabaki kama imesema uoshe. Halafu mahali pote chuma kiko uchi weka praima ya epoksi. Usiache chuma uchi kilale usiku, hasa huku kwetu ambako asubuhi kuna umande, utaamka ukute rangi ya machungwa.

Hatua ya 4: Msasa

Namba 180 mpaka 240 kwa rangi ya zamani, na ile pedi nyekundu ya Scotch-Brite kwa kona na mikunjo ambapo karatasi haiingii. Hauondoi rangi, unaua mng'ao tu. Angalia kwa tochi ukiielekeza kutoka upande: popote panapong'aa, rudi. Praima pia ipige kidogo ikishakauka. Toa vumbi, pangusa tena na thina kwa vitambaa viwili, na kuanzia hapo usiguse bodi na mkono mtupu.

Hatua ya 5: Tepu

Tepu nzuri ya rangi ya magari, sio ile ya karatasi ya stesheneri. Funika midomo ya juu, taa, dirisha la nyuma, magurudumu. Ziba mashimo ya boliti na ya maji kwa vipande vya tepu. Usipake bawaba wala loki ya mlango.

Hatua ya 6: Kupaka, na kwa nini nasema rola

Hii rangi ina bunduki yake ya kompresa na ukipuliza inatoka maridadi kweli. Lakini nyumbani mimi nasema tumia rola, na sibadilishi. Hadena yake ina kemikali inaitwa isosayaneti. Ikipulizwa inakuwa ukungu unaoingia mapafuni na inaweza kukuletea pumu, na mwili ukishaikataa mara moja hata kiasi kidogo sana baadaye kinakuamsha kifua. Wanaopuliza kila siku wanatakiwa kuvaa maski yenye paipu ya hewa safi kutoka nje. Wewe kwa ploti huna hiyo, na jirani aliyeanika nguo na watoto wanaocheza hapo hawana chochote. Rola haitoi ule ukungu. Bado fanyia nje mahali upepo unapita, vaa maski ya filta za kaboni (ile ya kitambaa ama ya vumbi haizuii kitu), glavu, miwani na mikono mirefu.

Saa ya kuanza ni muhimu. Subiri umande uishe kabisa na bati lipate joto kidogo, huku Nakuru ni kama saa nne asubuhi, na upange kumaliza kabla ya saa tisa ju mvua ya huku hupenda kuja mchana. Hadena ikikutana na unyevu inatoa gesi ya kaboni-dayoksaidi na rangi inafanya mapovu. Kwa upande mwingine bati lililochomwa na jua pia ni baya, weka nyuma ya mkono karibu nalo, kama huwezi kuvumilia tafuta kivuli. Watu wa Kisumu joto lenu litafanya rangi igande haraka kuliko chupa inavyosema, kwa hivyo changanya kidogo kidogo.

Changanya chupa moja kwa wakati, rangi 3 kwa hadena 1, yaani unajaza hadena mpaka ule mstari, kisha utingishe dakika 2 kamili kwa saa. Kwa joto la digrii 20 una kama saa 1 kabla haijaganda. Anza na brashi kwenye kona, mishono na vichwa vya boliti, kisha rola kwa kuta, na sakafu iwe ya mwisho ukirudi nyuma kuelekea mlangoni. Rola iwe ya kuvumilia thina, ile ya sponji ya rangi ya nyumba itayeyukia hapo. Koti nyembamba. Ukijaza nyingi mara moja ukutani itateremka, na ndani haitakauka sawa. Subiri kama saa 1, upake ya pili ukipitisha rola upande tofauti na wa kwanza.

Tepu itoe koti ya pili ikiwa bado laini, uivute pole pole kwa pembe. Ukingoja ikauke itaondoka na ukingo wa rangi, hapo itabidi upitishe wembe kwanza.

Hatua ya 7: Kabla ya kubeba mzigo

Usiku wa kwanza gari ilale chini ya paa, na turubai isiguse rangi. Mzigo mwepesi baada ya siku 2 ama 3, mawe, kokoto na mbolea baada ya siku 5 mpaka 7, na usikubali kuharakishwa na mteja. Rudisha boliti ukizipaka grisi kidogo kwa uzi. Hadena iliyobaki kwenye chupa iliyofunguliwa usiitunze kwa kazi ya mwaka ujao, unyevu wa hewa utakuwa umeshaiharibu.

Jiwe likikata mahali, usingoje. Osha hapo, pangusa, piga msasa pembeni pembeni, praima kama chuma kinaonekana, upake kiraka kwa brashi ukigongagonga nayo ili zile chenga zifanane.