Hamisha neva moja kwenye Excel kabla ya kubishana kuhusu ubongo mzima

Ubishi wa kijiweni kwamba akili ya mtu inaweza kuhamishiwa kwenye kompyuta hauishi. Anza na seli moja ya neva. Laptop ya mtumba ya Kariakoo inatosha, bando halihitajiki.

Ichukulie neva kama ndoo iliyotoboka, imewekwa chini ya bomba. Umeme unaingia, mwingine unavuja. Ukifika kiwango chake neva inapiga, inajimwaga, inaanza upya. Ikitulia iko milivolti -70, inapiga ikifika -55.

Kuanzia A2 andika muda, 0 hadi 1000, kila mstari milisekunde moja. B2 weka -70. D1 na D2 weka 20: hilo ndilo bomba. B3 andika:

=IF(B2>=-55,-70,B2+(-70-B2+$D$1)/20)

Buruta mpaka B502. Hapo B502 badilisha $D$1 iwe $D$2, kisha buruta mpaka B1002.

B30 isome kama -54.76, na B31 irudi -70. Hesabu mapigo kwa =COUNTIF(B2:B1002,">=-55"); yawe 34. Neva ikiwa kimya, karibu kila mara umesahau alama za $, fomula inasoma visanduku vitupu. Fomula ikikataliwa kabisa, jaribu nuktamkato badala ya mkato.

Hiyo ni moja. Mnyoo C. elegans, ambaye ramani ya neva zake ilitoka 1986, anazo 302. Binadamu ana kama bilioni 86, na milimita moja ya ujazo ya ubongo wake, iliyochorwa na Harvard na Google, ilikula petabaiti 1.4 za data, yaani terabaiti 1,400. Na kipande hicho kilikatwa vyembamba kwanza, hakirudi kichwani.

Sasa hifadhi nakala ya faili, na kwenye nakala weka D2 iwe 14. Bomba halilishindi tena tundu: umeme unagota -56, mapigo yanaishia 17. Faili la kwanza linaendelea na 34 zake. Yote mawili yana milisekunde 500 za mwanzo zilezile, na kila moja lina haki ya kusema "ni mimi". Fundi wa simu akikwambia amekuhamishia picha, angalia simu ya zamani: bado zimo.

Kwenye nakala usiguse D1. Ukiigusa, Excel inapiga hesabu upya kuanzia juu, na faili linapata utoto mwingine kabisa.