Somo: Kisu cha kukunja chenye makali yaliyopinda, na namna ya kukinoa bila kukiua

Kila nikikitoa mfukoni pale Isyonje kukata kamba za magunia ya viazi, lazima mtu aulize. Kimundu gani hicho kaka? Kinanolewaje? Mbona changu hakikati? Mdomo umechoka. Naandika mara moja, atakayeuliza tena namwelekeza hapa.

Kwanza tuelewane: hiki ni kisu cha pili. Cha kwanza ni kile kilichonyooka, cha kumenyea chungwa na kukatia nyama. Kilichopinda kazi yake ni kuvuta: kamba ya katani, manila, mikanda ya plastiki ya maboksi ya parachichi, mpira wa maji, majani makavu ya mgomba. Kamba ikishaingia kwenye upindo haina pa kukimbilia. Kisu kilichonyooka ukikivuta juu ya kamba iliyolegea, kamba inateleza hadi kwenye ncha na kutoka. Lakini ukijaribu kukatia kitunguu kwenye ubao kwa hiki kilichopinda, utalia kabla ya kitunguu chenyewe kukuliza.

Hatua ya 1: Kununua. Ubapa wa sentimita 7 unatosha. Lazima kiwe na loki. Kifungue, kishike mpini kwa nyuma ili vidole visikae njia ya makali, gonga mgongo wa ubapa taratibu kwenye mbao. Kikijikunja, mrudishie muuzaji. Opinel za Ufaransa zina pete ya chuma shingoni unayoizungusha kufunga, mtindo wa tangu 1955, na zipo zenye ubapa wa kupogolea. Pete hiyo haifungi yenyewe, usisahau kuizungusha.

Hatua ya 2: Kukibeba. Kimekunjwa, mfuko wake peke yake, bila funguo wala sarafu.

Hatua ya 3: Kukata. Vuta kupita ubavuni, usivute kuja tumboni wala pajani. Kamba ikikatika ghafla, mkono hausimami.

Hatua ya 4: Kunoa. Hapa ndipo nilipokiua cha kwanza. Nilikinoa kama kisu cha jikoni, kwenye kinoo bapa, jioni baada ya jioni. Sasa fikiria: makali yako ndani ya upindo. Ukiyaweka kwenye jiwe bapa, jiwe linagusa ncha na shina tu, pale karibu na mpini. Katikati, ambako ndiko kamba inakaa, hakuguswi. Mimi nikaona hakikati, nikaongeza nguvu. Msimu ulipoisha ncha ilikuwa imelika nusu sentimita na kuwa duara kama kidole, na katikati kubutu vilevile. Ncha ikishakwenda, kisu hiki hakina maana tena, maana ndiyo inayoingia chini ya kamba iliyokazwa.

Njia yenyewe ni hii. Kata kipande cha mpini wa ufagio. Zungushia msasa wa maji namba 400, ubane kwa mpira. Lowesha. Laza kijiti ndani ya upindo, inua mgongo wa ubapa kiasi cha unene wa penseli, kisha sugua kutoka shina kwenda ncha, ukielekea upande wa mgongo. ANGALIA: ukisukuma makali yatangulie, yatachana msasa na kukurukia vidoleni. Ukifika kwenye ncha punguza nguvu kabisa, la sivyo utailamba kama nilivyoilamba mimi. Endelea mpaka upande wa pili uhisi kwa kidole kijitepe chembamba cha chuma kinachokwaruza, urefu wote wa makali. Kama katikati hakipo, hujafika, usigeuze. Kikishapatikana, fanya upande wa pili, kisha rudia pande zote kwa namba 800, halafu 1200. Malizia kwa mkanda wa ngozi uliozungushiwa kijiti hichohicho, mara kumi kila upande. Baada ya hapo, mimi hugusa kwa namba 1200 tu kila wiki mbili.

Hatua ya 5: Kifute kikauke, tone la mafuta ya cherehani kwenye bawaba. Kwa mvua za Tukuyu, chuma kisicho stenlesi kinashika kutu usiku mmoja.

MASWALI

Mdau wa Makambako: Mkuu somo zuri, ila hujasema kinanolewaje.

Jibu: Hatua ya 4.

Mdau wa Uyole: Hayo ya ufagio ni ya kujitesa. Mimi napeleka kwenye mashine ya umeme, dakika moja tu.

Jibu: Dakika hiyohiyo inatosha kugeuza makali kuwa ya bluu. Rangi hiyo ikitokea, ugumu wa chuma umeondoka, utakuwa unanoa kila siku. Kisu ni chako, fanya upendavyo.

Mdau wa Mwanjelwa: Vipi usiku, kinafaa kujihami?

Jibu: Hapana. Hiki ni cha kamba. Kanuni ya Adhabu inamtia hatiani anayetembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna ya kuwatia watu hofu, na ukishajibu polisi kwamba ni cha kujihami umejimaliza mwenyewe. Na unayepanda ndege pale Songwe, kiweke kwenye begi la kupakia chini, usiingie nacho ndani.

Dada wa Njombe: Shikamoo kaka. Nabebesha miche ya parachichi. Kwenye kikonyo, kile kijitawi cha kupandikiza, naona kinaingia vizuri, naweza kukitumia hiki badala ya kununua kingine?

Jibu: Marahaba dada, swali zuri sana. Usikitumie. Kilichopinda kinachota, kinaacha kidonda chenye bonde. Kikonyo na shina vinatakiwa viguse sawasawa, ile ngozi ya kijani chini ya gome ikutane na mwenzake. Pakiwa na bonde panabaki hewa, panakauka. Tafuta kisu kilichonyooka kilichonolewa upande mmoja tu, kile kinatoa uso bapa kwa mkato mmoja. Hiki chetu kibaki kwa kukatia mifuko ya vitalu na kupogoa vijitawi. Ukikwama, niulize tena.

Dada wa Njombe: Ndaga fijo (asante sana).

Mdau wa Kiwira: Mimi natumia kwenye migomba, kutoka shina hadi shina. Kuna ubaya?

Jibu: Upo. Utomvu wa mgomba wenye mnyauko wa bakteria unasafiri na makali. Kabla ya kwenda shina jingine pitisha ubapa kwenye moto, uwe wa moto lakini usigeuke bluu, kwa sababu ileile niliyompa wa Uyole. Au tumia Jik, ila suuza na kukausha, inakula chuma. Na lile ua dume la chini usilikate kwa kisu kabisa; livunje kwa mti wenye panda.

Mdau wa Makambako: Sasa mfuko wa mbolea, nakata wapi?

Jibu: Usikate mfuko. Ule uzi wa kiwandani ni mnyororo. Kata mkia wa ncha moja tu, vuta, wote unafumuka na mfuko unabaki mzima. Ukikataa, jaribu ncha ya pili.

Mdau wa Kiwira: Na uzi wenyewe usitupe. Tia kwenye shazia, ile sindano kubwa, unashona gunia la viazi.