Leseni ya Uingereza ukiwa na leseni ya Bongo: miezi 12 ni ya kumaliza, sio ya kuanza

Kadi ya pinki, yaani leseni kamili ya Uingereza, imefika Jumanne, nimekaa kuandika hii mapema kabla sijasahau, maana kuna mtu angeniambia haya wiki niliyotua ningeokoa miezi minane na hela nyingi tu ya masomo na mabasi.

Jambo lenyewe ni hili. Ukishakuwa mkazi Uingereza na una leseni hai ya Tanzania, Kenya, Uganda au Rwanda, unaruhusiwa kuendesha gari dogo kwa miezi 12, na inahesabiwa tangu siku ulipoanza kuwa mkazi. Sio tangu ulipoanza kuendesha. Mimi nilikaa miezi mitano bila gari, siku niliyonunua ndio nikaanza kuhesabu, nikajiona nina mwaka mzima mbele. Nilikuja kustuka siku ya kuhuisha bima, yule dada kwenye simu akaniuliza umeanza kuishi hapa lini, nikamtajia mwezi, akanyamaza kidogo, halafu akaniambia taratibu kwamba kwa hesabu hiyo leseni yangu hairuhusu tena kuendesha hapa. Leseni yenyewe ninayo mkononi, bado ina miaka miwili mbele! Gari likalala nje miezi minane, na mimi naingia zamu alfajiri kwa mabasi mawili.

Na usijaribu kuendesha hivyohivyo, nakuomba. Leseni ikishakuwa hairuhusu, bima nayo haisimami, na ukikamatwa huna bima halali ni faini ya pauni 300 na pointi 6 za makosa kwenye leseni, na gari wanaweza kulichukua palepale. Ile leseni ya kimataifa nayo haikuongezei hata siku moja juu ya hiyo miezi 12.

Kubadilisha tu leseni bila mtihani, kwetu hakuna. Kuna orodha ya nchi zinazoruhusiwa, Afrika Kusini na Zimbabwe zimo, wenzetu hao wana miaka 5 ya kubadilisha. Sisi tunafanya mtihani upya hata kama umeendesha semi Dar mpaka Tunduma miaka ishirini. Kwa hiyo ile miezi 12 ielewe vizuri: ni muda wa kuwa UMESHAFAULU, sio wa kuanza kutafuta fomu. Ukiomba leseni ya lena (ya mwanafunzi) na ukafaulu ndani ya mwaka huo, hukatizwi hata siku moja, unaendelea kuendesha mwenyewe bila kubandika ile L nyekundu ya mwanafunzi. Mwaka ukipita kabla hujafaulu unakuwa mwanafunzi kama kijana wa miaka 17, L mbele na nyuma, na pembeni akae mtu wa miaka 21 au zaidi mwenye leseni kamili kwa miaka 3.

Haya, leseni ya lena, kwenye fomu imeandikwa provisional. Inatolewa na DVLA, ofisi ya serikali ya leseni za udereva, onlaini ni pauni 34, kwa posta pauni 43. Lazima uwe na ruhusa ya kuishi nchini angalau siku 185 na utaje anwani zako zote za miaka 3 nyuma, ikiwemo ya nyumbani. Kama vitambulisho vyako haviwezi kuthibitishwa onlaini, unachukua fomu D1 posta, unajaza, unatuma na nyaraka halisi, sio kopi. Hapa sikiliza. Nyaraka halisi maana yake pasipoti yako inaondoka mkononi. Mimi ya kwangu ilikuwa ndani ya bahasha safarini wakati nyumbani wananipigia mama mkubwa amefariki, na nilishindwa kusafiri kwenda kumzika. Kwa hiyo kabla hujatuma angalia kama una mgonjwa nyumbani au safari karibu, tuma kipindi ambacho kimetulia, na utumie posta ya kusaini ili ujue imefika. Kadi ya lena ni ya kijani. Ikija hakikisha majina yako yanafanana herufi kwa herufi na ya pasipoti.

Mtihani wa nadharia ni pauni 23, unafanyika kwenye kompyuta. Maswali 50, unatakiwa upate 43, halafu klipu 14 za video ambapo unabofya ukiona hatari inaanza kujitokeza, pale unahitaji 44 kati ya 75. Ni kwa Kiingereza, kutafsiriwa kwa lugha za kigeni kuliondolewa mwaka 2014. Wengi tunasoma maswali tunasahau video, na video ndizo zinaangusha watu wazima, kwa sababu dereva mzoefu anaiona hatari mapema kuliko mashine inavyotaka, anabofya mara moja na haipati. Mimi nilikuwa nabofya nikiona, nabofya tena ikianza kusogea. Usibofye ovyo mfululizo tu, klipu hiyo itakupa sifuri. Ukifaulu, cheti kinadumu miaka 2.

Sasa mtihani wa barabarani, na ndipo muda unapoliwa. Pauni 62 siku za kazi, pauni 75 jioni na wikendi, weka nafasi kwenye tovuti ya serikali pekee. Foleni ni ndefu sana, mwenye lena mikononi anaweza kukaa miezi anatafuta tarehe, ndio maana nasema ombeni lena mwezi wa kwanza mnapofika na nadharia ifuate haraka. Kuna watu wanauza nafasi mitandaoni kwa bei mara mbili tatu, achaneni nao, ingia mwenyewe asubuhi na mapema kila siku uangalie nafasi zilizoachwa na wengine, mimi yangu ya pili niliipata hivyo. Ukitaka kuahirisha toa taarifa siku 10 kamili za kazi kabla, la sivyo hela imekwenda.

Nilifeli mara ya kwanza, na naeleza kwa nini kwa sababu itakukuta na wewe. Tunaendesha kushoto kama wao, keepilefti tunazijua, nikaona masomo ya nini. Mtahini akaniambia simama pembeni, nikasimama vizuri, akasema endelea ukiwa tayari, nikatazama kioo, indiketa, nikaondoka. Sikugeuza shingo kuangalia juu ya bega la kulia. Baiskeli ilikuwa inakuja, mwenye baiskeli akashika breki. Mtahini hakusema neno, aligusa tu kishikwambi chake mara moja. Makosa madogo unaruhusiwa mpaka 15, lakini kosa kubwa moja tu umefeli, na hilo lilikuwa moja. Kurudia ni mpaka zipite siku 10 za kazi, na hiyo ni kama tarehe ipo.

Kwa hiyo chukua masomo hata matano na mwalimu wa hapa, sio akufundishe kuendesha, akutoe mazoea. Bega kila unapoondoka. Vioo kabla ya indiketa, na kichwa kisogee kidogo ili mtahini aone umeangalia. Zebra mtu akiwa ameanza kuvuka unasimama, humpigii honi. Spidi ya maili 30 kwa saa ni 30, na sehemu nyingi ni 20. Kabla hamjaondoka atakutaka usome namba ya gari umbali wa mita 20, ukishindwa mtihani unaishia hapo, hivyo mwenye miwani asiisahau. Na ukifanya kwa otomatiki utaruhusiwa otomatiki tu, gari la gia utalirudia mtihani.

Ireland ya Kaskazini wana ofisi yao na ada zao, haya niliyoandika ni ya England, Scotland na Wales.

Ukifaulu, kabla hujawasha gari kurudi nyumbani pigia bima uwaambie leseni imebadilika, maana mkataba wako uliandikwa kwa leseni ya zamani au ya lena. Na kwa miaka 2 ya kwanza ukifikisha pointi 6 wanaifuta, unarudi kwenye lena ya kijani na mitihani yote miwili, hata kama Bongo umeendesha tangu ujana.